Besi chini ya paa: kuvua kwenye majani mazito ya Naivasha

Samaki mwenyewe alikuwa kilo mbili kasoro. Nilichokivuta mpaka ubavuni mwa boti kilikuwa kama kilo nane: furushi la magugu maji, mizizi myeusi inayochuruzika, konokono wawili watatu, na mahali fulani katikati ya furushi hilo, jicho moja likinitazama. Ilinibidi nimchambue kama mtu anayechambua mchicha. Jioni ile ndipo nilipoelewa neno nililokuwa nimeambiwa mara nyingi bila kulitia maanani: kwenye majani mazito, kumshawishi samaki ale si kazi kubwa. Kazi ni kumpatia njia ya kutokea.

Samaki huyo ni yule ambaye wavuvi wa Ziwa Naivasha, Kenya, humwita black bass. Nikimwandika “basi” utadhani tuko steji tunangoja gari, kwa hiyo hapa ataitwa besi, na jina lake kamili ni besi mdomo-mpana. Si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo wa kuvua kwa ufito, wakati ambapo samaki pekee wa asili wa ziwa hili alikuwa kisamaki kidogo cha kukaa kiganjani, ambacho mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Wengine waliomo sasa karibu wote walipandikizwa au waliingia baadaye. Kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, walitiwa ziwani 1970, na besi wakawafanya chakula chao kikuu. Majani nayo ni vivyo hivyo. Salvinia, gugu la jamii ya kangaga lenye vijani kama sikio la panya, liliripotiwa 1962. Gugu maji lenye ua la zambarau, mzaliwa wa Amerika Kusini, likafika 1988.

Maana yake ni kwamba anayevua besi kwenye majani Naivasha anamtafuta mgeni wa Marekani Kaskazini, aliyejificha chini ya paa la mgeni wa Amazon, akitafuna mgeni wa Louisiana. Na kwa kuwa gugu hilo hilo lilishaingia Florida tangu miaka ya 1890, Wamarekani wamekuwa na zaidi ya karne nzima ya kuhangaika nalo kabla yetu. Ndiyo sababu mbinu zilizozaliwa kwenye vinamasi vya Florida zinafaa kwenye ziwa lililo takribani mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Bonde la Ufa. Si zote, lakini nyingi.

Ukimuuliza mtu kwa nini besi hukaa kwenye majani atakujibu: kivuli. Ni kweli, ila kivuli chenyewe hakitafutwi kwa sababu ya joto peke yake. Toka kwenye jua la saa saba uingie kwenye banda la makuti. Kwa muda huoni kitu, lakini aliyekaa ndani amekuona tangu ukiwa mlangoni. Besi hukaa ndani ya banda hilo. Yeye ni mviziaji anayetegemea macho. Hafukuzi windo masafa marefu. Husubiri mpita njia, kisha hupanua kinywa kwa ghafla kiasi kwamba maji yenyewe yanamfagia mnyonge ndani. Hana meno ya kukata. Ndani ya mdomo ana kitu kama msasa, cha kushikia tu. Mdomo ukifumbwa, taya la juu hupita nyuma ya jicho, na jina lake limetoka hapo.

Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Jacqueline Savino na Roy Stein, walichapisha jaribio ambalo kila mvuvi wa majani angefaa kulijua. Waliwaweka besi pamoja na samaki wadogo kwenye maji yenye mimea ya bandia, wakibadilisha idadi ya mashina kwa kila mita ya mraba: pasipo na shina, penye 50, penye 250, penye 1,000. Mashina yalipokuwa machache, besi alizunguka akitafuta, na alipata. Mashina yalipozidi, windo lilimponyoka mara kwa mara, naye akaacha kuzunguka akaanza kuvizia.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Tunadhani majani mengi ni samaki wengi, na majani mengi zaidi ni samaki wengi zaidi. Sivyo. Majani yakizidi kiasi, mwindaji mwenyewe hushindwa kuwinda, hukonda, na wadogo hujazana bila wa kuwapunguza. Na yule besi aliyeko kwenye majani mazito hatembei. Amekaa mahali pamoja, karibu na upenyo, akitazama eneo lisilozidi meza ya chakula. Kwa hiyo hakuna faida ya kurusha chambo mbali kwa madaha. Ukikosa lile shimo kwa mita moja, kwake wewe hukuvua.

Jambo la pili linalochanganya watu ni hewa. Tumefundishwa shuleni kwamba mimea hutoa oksijeni, basi tunajumlisha kuwa chini ya majani kuna oksijeni tele. Inategemea jani limesimama wapi. Mmea uliozama wote hutoa oksijeni yake ndani ya maji wakati wa jua, kisha usiku wenyewe huitumia, hivyo kiwango hushuka mpaka chini kabisa karibu na alfajiri. Gugu maji limeweka majani yake juu, hewani, na oksijeni yake linaipeleka hewani, huku chini limezuia mwanga na upepo na linadondosha takataka za kuoza. Chini ya blanketi kubwa la gugu, maji yanaweza kukosa pumzi kabisa. Kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, miaka ya 1990, gugu lilipoufunga upande wa Kisumu, nyavu zilianza kuleta kamongo na kambare zaidi kuliko ilivyozoeleka. Hao wawili wanajua kuvuta hewa ya juu. Besi hajui.

Kipimo changu hakihitaji mashine. Nachomoa gugu moja. Mizizi ikitoka kama manyoya meusi yenye zambarau, safi, na vidudu vikirukaruka humo, paa hilo lina uhai chini yake. Ikitoka na tope linalonuka yai viza, nawasha injini niende pengine. Na kwa sababu ya ile hesabu ya usiku na mchana, asubuhi na mapema kwenye msitu mzito wa majani yaliyozama naanzia ukingoni, kwenye maji wazi; jua likishapanda ndipo nasogea ndani. Watu wengi hufanya kinyume: wanaingia ndani kwa pupa alfajiri na kurudi mkono mtupu.

Sasa, tunaposema “majani” tunatupia vitu vinne visivyofanana kwenye kapu moja.

Kuna majani yaliyoota chini na kupanda kuelekea juu. Huo ni msitu, wenye vishina, njia na uwanda. Besi huishi humo ghorofa zote. Kuna yungiyungi, ambalo ni mwavuli: jani pana juu, shina moja jembamba, na nafasi kubwa katikati. Yungiyungi la buluu lilikuwa pambo la kingo za Naivasha mpaka lilipotoweka katika miaka ya 1970, na kamba wekundu ni miongoni mwa washtakiwa wakuu. Anayesimuliwa na wazee kuhusu kuvua kwenye mayungiyungi ya Naivasha anasimuliwa ziwa jingine.

Kuna mafunjo. Kwa mbali mafunjo yanaonekana kama ukuta, na wanaovua mara ya kwanza huyatendea kama ukuta: wanarusha chambo mbele yake na kukirudisha. Yakaribie. Kwenye maji yenye kina, mashina yale yamesimama juu ya godoro la mizizi lililoelea, na chini ya godoro kuna uvungu. Besi yuko uvunguni, kichwa nje, kama paka chini ya kitanda. Ukingo uliochongoka kuelekea ziwani, kona iliyoingia ndani, mahali ambapo kipande cha godoro kimekatika na kuacha ufa, hapo ndipo pa kutia chambo, tena kigusane na shina. Sentimita ishirini nje ni mbali.

Halafu gugu maji, paa lisilo na kuta. Mizizi yake inaning’inia tu, haigusi chini. Kinachonifurahisha na kunikera kuhusu gugu ni kwamba linatembea. Upepo wa mchana wa Naivasha ukiamka, hekta nzima za majani zinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama mbuga inayotembea, na boti iliyolala vibaya inafungiwa mpaka upepo ugeuke au mtu aje kuivuta. Ndiyo maana paa kubwa la kijani si lazima liwe na samaki. Nyumba iliyohamia hapo jana haina wapangaji. Ninalolitafuta ni gugu lililokwama kwa siku kadhaa kwenye kitu kisichosogea, kwa mfano kona ya mafunjo, nguzo ya uzio uliozama au mti uliokufa. Wadudu wameshakuja, kamba wameshapanda kwenye mizizi, na besi ameshapanga chumba. Mahali ambapo aina mbili za majani zinakutana pana thamani kuliko ekari nzima ya aina moja.

Vifaa vinatokana moja kwa moja na lile tatizo la njia ya kutokea. Mtu akikuona na mshipi wa kubeba kilo 25 au 30 kwa ajili ya samaki wa kilo mbili atakucheka. Mwache acheke. Mshipi ule haubebi samaki peke yake, unabeba samaki na shamba. Uwe wa kusuka, si wa nailoni. Nailoni inavutika kama mpira: unapokaza ukiwa mita kumi, nguvu yako inaishia kwenye kuurefusha mshipi, na samaki anapata nafasi ya kujizungusha kwenye mizizi. Mshipi wa kusuka hauvutiki, na ukikazwa unakata mashina laini kama uzi unavyokata ugali. Ufito uwe mgumu, wa futi saba na nusu hivi, na breki ya rili ikazwe kabisa. Hapa hakuna kumchosha samaki kwa kumwachia mshipi. Ukimwachia nusu mita, umempa nyumba.

Penye miti iliyokufa hesabu hiyo inageuka. Mshipi wa kusuka unajichimbia kwenye gome lililooza na kunasa humo. Hapo nailoni nene inateleza vizuri zaidi. Nimewaona watu wakilaumu ndoano kumbe kosa lilikuwa mshipi.

Kuna mbinu mbili zinazofaa kujadiliwa kwa urefu. Nyingine zote naona ni watoto wa hizi.

Ya kwanza ni chura. Chura bandia ni kifuko cha mpira laini chenye hewa ndani, chenye ndoano mbili zinazotazama juu zikiwa zimelala mgongoni mwake. Kwa sababu ncha zimelalia mpira, anateleza juu ya majani bila kunasa popote. Unamtupa mbali kidogo kupita shimo, unamtembeza taratibu juu ya paa, ukifika kwenye upenyo unasimama. Wanaoanza hawasimami. Wanamburuza chura kama wamechelewa mahali, ilhali kule chini besi anafuata kivuli tu na anahitaji muda kujua kitatokea wapi. Simama kwenye shimo, mtikise bila kumsogeza, subiri.

Kisha maji yanalipuka, na hapo kila mtu, hata mimi baada ya miaka yote hii, mwili unataka kuvuta. Usivute. Zile ndoano zimefichwa na mpira. Zinatokea tu pale mdomo wa samaki unapoukanda ule mpira. Ukivuta kwa sababu ya mshindo uliousikia, unamtoa chura kinywani ambacho hakijafumba, anakurukia usoni, na samaki anabaki na fungu la majani mdomoni. Shusha ncha ya ufito, kunja mshipi uliolegea, na uvute pale tu unapohisi uzito. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa akisema kwa sauti, “Karibu, keti,” halafu ndipo anavuta. Maneno hayo mawili yanachukua muda unaotakiwa kabisa.

Ya pili ni kutoboa. Penye paa lililoshikamana hata chura haonekani kutoka chini, unashusha chambo wima kama mtu anayetumbukiza ndoo kisimani. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, iwe nzito, kati ya gramu 28 na 56 kutegemea unene wa paa, na izuiliwe kwa kipande kidogo cha mpira kwenye mshipi ili isiachane na chambo. Zikiachana, chubwi inapita na chambo kinabaki juu ya majani kikiota jua. Chambo kiwe cha mpira laini, kifupi, kilichoshikamana, kisicho na mikia mingi ya kunasa. Naivasha mimi hutumia umbo la yule kamba mwekundu, rangi ya matofali yaliyolowa. Ncha ya ndoano inazikwa ndani ya mpira huo.

Watu huuliza kwa nini chubwi za tangsteni ziuzwe ghali namna ile ilhali risasi ipo. Sababu ni wembamba. Tangsteni ina gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ina 11.3, kwa hiyo kwa uzito ule ule kitu kinachopaswa kupenya kinakuwa kidogo karibu kwa nusu, na paa linapenywa na kilicho kidogo. Halafu risasi ni sumu, na chubwi zinazokatika zinabaki ziwani. Nimewahi kumwona kijana akitoboa kwa plagi kuukuu ya pikipiki. Uzito ulitosha, lakini ile shingo yake ilikuwa inanasa kila mzizi wakati wa kurudi, akawa anavuna magugu kuliko mashine ya kaunti.

Unashusha, unasikia tup, chambo kimepita. Kuanzia hapo mpaka kifike chini ndiyo sekunde zenye mali. Sehemu kubwa ya besi wanaokula kwa njia hii hawali kwa njaa. Kitu kimewaangukia mbele ya pua gizani, na mdomo ukafunguka kabla ya kufikiri. Kwa hiyo baada ya kufika chini, inua mara mbili tatu, gonga kwa chini ile dari ya mizizi, kisha toa uende shimo jingine. Kukaa dakika tano kwenye tundu moja ni kuvua kwa matumaini. Mlo wenyewe hausikiki kama mpasuko. Utahisi mshipi umekuwa mzito kama umelowa, au unaelekea pembeni bila sababu. Hapa, tofauti kabisa na chura, unavuta papo hapo na kwa nguvu, kuelekea juu, ili samaki atoke kupitia tundu lile lile kililoingilia chambo.

Na sasa kumtoa. Kabla ya kushusha chambo tazama nyuma yako: boti iko umbali gani, upepo unaisukuma wapi, atatokea upande upi? Kwa kutoboa, umbali usizidi urefu wa fito mbili. Kichwa cha samaki kikishageukia juu katika sekunde mbili za mwanzo, mwili wote unafuata, na ukifaulu kumlaza juu ya majani atateleza kama sahani juu ya meza. Kichwa kikigeukia chini, amekwisha kushika nguzo. Hapo vijana hukaza mpaka kitu kikatike. Usikaze. Acha mshipi umkalie bila kulegea, sogeza boti mpaka juu yake, ingiza mkono, ondoa shina moja moja. Mara nyingi samaki bado yupo, ametulia, anadhani amepona. Nimewatoa wengi kwa mkono kuliko ninavyopenda kukiri.

Ila mkono usiingizwe mahali popote. Ule mfereji mzuri ulionyooka katikati ya mafunjo, wenye maji wazi na kingo zilizolainika, hukuchimbiwa wewe. Ni njia ya viboko. Hutoka jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri, saa zile zile ambazo chura bandia hupendwa zaidi, na kwenye majani mazito hutaona masikio wala pua. Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi, kwa hiyo kutazama mara moja ukasema “hakuna kitu” ni kujidanganya. Mimi husubiri dakika kumi nikiwa nje kabla ya kuingia kona yoyote, siegeshi boti kati ya mafunjo na maji ya kina, na injini haizimwi mpaka nijue rafadha haijafungwa na majani. Kuna kona zinazojulikana kuwa na besi wazuri ambazo sijawahi kuzivua, na sitazivua.

Ubishi unaozuka sana ufukweni, kule Kamere na Karagita, ni kama majani yakiondolewa besi watakwisha. Mvuvi wa ufito anayapenda majani. Mvuvi wa nyavu anayachukia, kwa sababu yanabeba nyavu zake usiku na kuzifunga mafundo. Nadhani wote wawili wanatazama juu tu. Besi anahitaji maji anayoweza kuona ndani yake na chini isiyo na tope jingi ya kutengenezea kiota, maana dume huchimba sahani chini, jike hutaga, na dume hubaki kulinda. Samaki aitwaye kapi walipoonekana ziwani 2001 na kuongezeka mpaka wakatawala mavuno, walikuja na tabia ya kuchimbua tope wakitafuta chakula. Maji yakiwa machafu, mwanga haufiki chini, majani yaliyozama yanakufa, na kinachobaki ni lile lisilohitaji mwanga wa chini: gugu maji. Virutubisho vinavyoletwa na mito na mashamba vinalinenepesha. Penye joto na chakula cha kutosha linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo tunaweza kuwa na ziwa lenye majani kila upande na bado besi hana msitu wake. Amebakiwa na paa.

Wadudu walishaletwa kusaidia. Fukusi wa aina moja walipewa salvinia, na walifanya kazi nzuri mpaka leo salvinia si tishio tena. Fukusi wa aina nyingine walipewa gugu maji, nao hulidhoofisha, hulitoboatoboa majani, lakini hawajalimaliza. Ukichukua jani la gugu ukaona madoadoa ya kahawia yaliyokwanguliwa, umekutana na kazi yao. Paa lililoliwa sana na fukusi huwa jepesi kutoboa, jambo ambalo si haki kulifurahia lakini mimi nalifurahia.

Jambo jipya ni miti. Ziwa lilipoanza kupanda miaka ya 2010, mistari mizima ya migunga ya njano ya ufukweni ilijikuta imesimama majini, ikafa ikiwa wima. Maji yakaingia mashambani, yakaingia mitaa kama Kihoto, ambako watu waliacha nyumba zao 2020. Kwa besi hii ni neema: shina, tawi lililozama, gugu lililokwama kwenye tawi, vyote mahali pamoja, na havihami. Nimevua juu ya kilichokuwa shamba la mtu, nguzo za uzio zikionekana chini ya maji kwenye mstari ulionyooka, na sikujisikia vizuri sana. Samaki walikuwepo.

Besi wa Naivasha huliwa, na akikaangwa vizuri nyama yake nyeupe haina mifupa midogo ya kuudhi. Ukimla, mpasue tumbo uangalie. Ukikuta magamba mekundu ya kamba, rudi na rangi ya matofali. Ukikuta visamaki, badilisha. Ukimwachia, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, umwondolee majani kwenye matamvua kabla ya kumrudisha, maana uzi mmoja wa mzizi ukibaki humo unamsumbua kupumua. Na boti ikitoka majini, kagua chini yake, kagua trela, kagua hata kwenye kamba ya nanga. Kipande cha gugu kisichozidi kiganja kinatosha kuanzisha bwawa jingine.

Rafiki yangu mmoja alimtoa besi mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata, kwenye tundu kama beseni katikati ya gugu, akahifadhi mahali pale kwenye simu kwa uangalifu mkubwa na hakutaka kumwonyesha mtu. Kesho yake alfajiri tulikwenda wawili. Simu ilitufikisha penyewe hasa. Palikuwa na maji matupu, mwari mmoja, na mawimbi madogo. Gugu lote lilikuwa limehamia ng’ambo, upande wa Crescent Island, na tundu lake.